Nyasi Kavu, Upepo wa Kitengela na Sigara ya Kujizima

Nyinyi watoto mnaonunua nyasi kwa simu, nataka kuongea na nyinyi. Mnatumiwa picha ya bale moja, ule mzigo wa nyasi umefungwa, imepigwa na jua vizuri, mnajibu "leta mia mbili," halafu lori ikifika mnalia. Picha haina harufu! Nimeuza nyasi hapa Kitengela tangu punda wakiwa wengi kuliko magari, na nawaambia nyasi hainunuliwi kwa macho. Inanunuliwa kwa mkono na kwa pua.

Shule mimi nilifika darasa la pili, na hiyo la pili sikumaliza. Ng'ombe za baba zilikuwa na haraka kuliko mwalimu. Kwa hivyo mimi naongea, Nashipai mjukuu wangu anaandika. Mahali mtaona imepangwa vizuri sana, hapo ni yeye ameingiza mkono.

Sasa, mkono. Mwenye alinifundisha kazi ni mama mmoja Mkikuyu, Mama Wairimu, alikuja hapa kutoka Kinangop na gunia mbili na mdomo. Siku ya kwanza alinishika hii mkono yangu akaisukuma ndani ya bale mpaka kiwiko. Akaniuliza, "Unasikia nini?"

Nikamwambia, "Nasikia joto."

"Joto kama ya nini?"

"Kama kwapa ya ng'ombe."

"Basi hiyo usiingize kwa stoo. Ilifungwa ikiwa na maji ndani. Hiyo itajipika yenyewe, na ikimaliza kujipika itakupika wewe."

Nyasi ikiwa nzuri, ukiingiza mkono inakuwa baridi na inakukwaruza. Inanuka kama chai kabla haijawekwa maziwa. Ikinuka kama blanketi ya mtoto, wachia mwenyewe. Na ukipanga stoo, usiweke bale chini kwa udongo, weka miti kwanza. Usisukume mpaka kwa ukuta, wacha nafasi mtu mwembamba anaweza kupita. Mama Wairimu alikuwa anapitisha mimi kama kipimo. Nikaongezeka mwili, tukatafuta kipimo ingine.

Siku moja nikauza bale bila kuingiza mkono. Moja tu! Mteja alikuwa mwalimu mstaafu wa Nkoroi, mtu wa tai hata akienda kukamua. Kesho yake akarudi, amebeba kitu kwa gazeti. Akafungua polepole mbele ya watu wote. Ilikuwa akala, ile kiatu ya tairi.

"Mama," akasema, "ng'ombe wangu ako na kwato nne. Hii saizi nane ataivaa mguu gani?"

Siku hizo nyasi tulikuwa tunafunga na sanduku ya mbao. Unajaza, mwanaume anaingia ndani anakanyaga kama anacheza kwa harusi, unajaza tena, anakanyaga, halafu mnafunga na kamba ya katani. Mkanyagaji wangu alikuwa ametembea siku mbili na kiatu moja na hajaniambia, anaogopa nitamcheka. Na nilimcheka. Siku hizi trekta inapita shambani na mashine, bale zinatoka nyuma kama mayai ya kuku, zote sawa. Ni vizuri. Lakini mashine haina mguu wa kukuambia hii nyasi iko na maji. Kwa hivyo mkono ingizeni bado.

Lakini hayo yote ni mambo madogo. Adui ya mtu wa nyasi ni moto, na moto yangu ilikuwa na jina. Iliitwa Tipape.

Mzee Tipape ni rika ya marehemu bwana yangu. Walitahiriwa pamoja, wakachunga pamoja, wakafanya ujinga pamoja. Bwana yangu alipoenda, Tipape akakuja na kiti yake akaiweka kwa geti ya stoo, akasema, "Mke wetu, mimi ndio askari." Hakuna mtu alikuwa amemuandika kazi. Na mnajua nyinyi wenyewe, rika ya bwanako humfukuzi. Ni kama kufukuza ukuta.

Askari alikuwa mzuri. Hakuna mwizi angeweza kupita, kwa sababu mwizi akifika Tipape anamwita akae amwambie hadithi. Shida ni kwamba Tipape anavuta sigara, na Tipape hawezi kusema hadithi na mkono moja. Akisema pembe za fahali zilikuwa hivi, ni lazima mikono yote mbili ipande. Akisema mto ulifurika, mikono yote mbili inafurika. Kwa hivyo hadithi ikianza, sigara lazima iwekwe mahali. "Kidogo tu."

Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana, upepo ile yetu ya kutoka upande wa Athi ikipiga mabati. Mteja wa Tuala alikuwa amekuja kuchukua bale ishirini. Tipape akaanza kumwambia habari ya fahali ya baba yake, ile iliingia kanisani. Akafika kwa pembe. Akaweka sigara juu ya bale. Kidogo tu.

Sitawaambia yote. Stoo ilikuwa imejaa mpaka mabati. Ilikuwa nyasi yangu na ya majirani kumi na mmoja, walikuwa wameniwekea kwa sababu mawingu yalikuwa yamekataa mwaka huo. Kwa muda wa kuchemsha chai hakukuwa na stoo. Tulitoa bale tisa. Tisa!

Mimi nikashika uma ya kugeuzia nyasi, nikamfuata Tipape. Sasa, kwetu Wamaasai, mtu akikukosea halafu akakushikia nyasi mkononi, huwezi kumpiga. Nyasi inalisha ng'ombe, ng'ombe anatulisha, kwa hivyo ukiombwa msamaha kwa nyasi lazima usimame. Tipape alijua hiyo. Akainama chini ashike nyasi. Hakuna! Alikuwa amechoma yote! Alikimbia huku, jivu. Akakimbia kule, jivu. Mzee mzima na shuka yake inapepea, anazunguka boma anatafuta nyasi ya kuniomba nayo msamaha, na mimi nyuma na uma. Mwisho akapata kidogo kwa mfereji, mahali maji inadondoka. Majani matatu. Akageuka akanishikia hizo majani matatu, analia.

Nilikuwa nalia na mimi. Lakini niliona hizo tatu, nikacheka. Uma ikaanguka. Ndiyo hivyo akasamehewa.

Lakini ng'ombe hawasamehi, wao wanataka kula. Jua ikakaza. Majirani wakapeleka ng'ombe zao mpaka upande wa Rombo kutafuta nyasi. Za Mama Moipei, jirani yangu wa karibu, zilitoka kumi na mbili, zikarudi tano. Hakuniambia neno mbaya hata moja. Alikuja tu akakaa jikoni yangu, akakunywa chai, akaangalia ukuta. Afadhali angenitukana.

Tukajenga stoo ingine, kubwa, ya mawe. Magoti yangu yakakataa kazi, nikamwachia msichana wangu Sein, mama yake Nashipai. Tukaandika kwa ukuta HAKUNA KUVUTA, na Tipape akahamishwa nje ya geti. Lakini upepo ya hapa haina adabu, haijui geti. Siku moja Sein akapata kipande ya sigara ndani, mita mbili kutoka kwa bale, bado inatoa moshi. Akaikanyaga mpaka ikakufa, akakaa chini hapo hapo.

Hapo ndipo mzungu akaingia.

Ni bwana ya Resian, msichana wa dada yangu, walioana huko nje wakaja kusalimia. Kijana mrefu, mpole. Resian alikuwa amemfundisha kwamba kwetu mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa. Huyo kijana akainamia kila mtu. Aliinamia mimi, akainamia Tipape, akainamia Nashipai, akainamia mtoto wa nursery, mtoto akaogopa akakimbia. Kabla aanze kuinama alikuwa ameweka sigara yake juu ya jiwe. Alipomaliza kuinama, nikaangalia jiwe. Sigara ilikuwa imezima. Bado ndefu hivi!

Nikasema, "Resian, mwambie bwanako ameuziwa sigara mbovu."

Resian akacheka, akaniita mama mdogo kwa Kimaasai. "Hapana, yeyo mdogo. Huko kwao ni sheria. Sigara lazima ijizime yenyewe kama hakuna mtu anavuta."

"Sheria? Nani aliambia sigara kuna sheria?"

Huyo kijana akachukua moja akainyoosha kwa mwangaza, akanionyesha. Karatasi yake iko na mikanda, kama pete, mahali karatasi ni nzito kidogo. Moto ikifika hapo inakosa hewa. Kama mtu anavuta, inapita. Kama ameiweka chini amesahau, inakufa hapo.

Nikamwambia Resian, "Mwambie nimeelewa. Ni matuta ya barabara. Kama hakuna mtu wa kukanyaga mafuta, gari inasimama kwa tuta."

Walipoenda aliniachia zile zilizobaki. Sita. Nikaweka kwa mkebe ya kakao.

Mtu wa nyasi haamini kitu mpaka aingize mkono, kwa hivyo nilijaribu. Mbali na stoo, juu ya bati, nyasi kavu kidogo, ndoo ya maji kando, na Sein amesimama hapo anasema mama umerukwa na akili. Ya kwanza ikazima. Ya pili ikazima. Ya tatu upepo ukaisukuma, ikaenda ikaenda, ikazima karibu mwisho. Ya nne, siwadanganyi, iliungua yote. Kwa hivyo hiyo kitu sio muujiza, na mjinga bado atachoma nyumba akitaka. Lakini tatu kwa nne! Mchungaji wetu akihubiri, kwa nne anaamsha moja. Ya tano iliangukia chini, ikakuliwa na mbuzi.

Ikabaki moja.

Sasa Nashipai akarudi siku moja kutoka town na karatasi. Kaunti inataka maoni ya wananchi, kuna mswada ya kuzuia moto. Akanisomea yote. Kulikuwa na mambo ya milango, mambo ya petroli kwa chupa, mambo ya gesi.

"Na sigara iko wapi hapo?"

"Koko, haiko." Koko ni nyanya kwetu Wamaasai.

"Basi si tuiweke."

"Koko, sheria haiwekwi hivyo kama chumvi."

"Kwani wale wanaweka wako na mikono ngapi?"

Tukakaa chini tukaandika, yeye na kalamu, mimi na mdomo. Ikatoka mistari miwili: hakuna mtu auze sigara katika kaunti hii kama haiwezi kujizima yenyewe ikiachwa bila kuvutwa. Siku ya mwisho ya maoni ilikuwa Alhamisi, uwanja wa kanisa. Baada ya hapo wanafunga kitabu. Na mawingu, mwaka huo tena, yalikuwa yameanza kuangalia kando. Stoo ya Sein ilikuwa na nyasi ya majirani mpaka juu. Ya Mama Moipei pia. Alikuwa ameleta yake tena kwangu, mnaelewa hiyo ni kitu gani? Baada ya zile saba.

Tipape kusikia, akasimama kwa kiti, kitu anafanya tu akiona simba ama mkutano wa chakula.

"Mke wetu, unataka kuniua."

"Nataka kukuzimia sigara tu."

"Nikiweka chini kidogo, nirudi nipate imekufa? Niwashe tena? Halafu tena? Sasa hiyo ni sigara ama ni pikipiki ya kusukuma?"

"Si ushike mkononi."

"Na fahali nitaonyesha na nini, masikio?"

Akasema atakuja kwa mkutano na atapinga. Nikamwambia karibu sana, kutakuwa na soda.

Asubuhi ya Alhamisi nikavaa shanga zote. Tukatoka, mimi, Nashipai na mkebe ya kakao ndani yake ile sigara moja. Kufika kwa geti nikakumbuka miwani. Sisomi, lakini nikivaa miwani watu wananiheshimu. Nikampa Tipape mkebe. "Shikilia hii," nikamwambia, "sikawii." Miwani ikajificha, nikakawia.

Wajukuu, mumesikia nimefanya nini? Nyinyi mnaona mapema kuliko mimi. Miaka hiyo yote, na nikampa fisi nyama anishikilie.

Uwanjani kulikuwa na tenti na viti za plastiki. Wazee upande huu, kina mama ule, vijana nyuma wakiangalia simu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mheshimiwa mmoja kijana, suti ya buluu, na karibu yake karani anaandika. Ikafika zamu yangu.

"Koko, takwenya!" mwenyekiti akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko!" nikajibu, kwa maiki, ikapiga kelele mbwa wakabweka.

Nikasema habari yangu. Nikasema moto, nikasema majirani kumi na mmoja, nikasema kumi na mbili zilienda tano zikarudi. Mama Moipei alikuwa hapo, anaangalia viatu vyake. Halafu nikasema dawa yenyewe.

Mwenyekiti akasikiza vizuri. Akasema, "Koko, hiyo ni nzuri, lakini watu wa kiosk wataniuliza, wavutaji wataniuliza, na wanasheria wetu wataniuliza zaidi. Mimi siwezi kuandika kitu eti koko alisema. Ushahidi iko?"

"Iko kwa mkebe!" nikasema.

Nikawaonyesha nje ya tenti, upande hakuna upepo. Mabati mawili, nyasi juu yake, ndoo mbili za maji. Kijana wa kanisa akawasha sigara ya kawaida ya duka, nikaiweka kwa bati ya kwanza. Ikakaa, ikatafuna, ikatafuna, nyasi ikaanza kutoa moshi, ikashika. Pwaa, maji. Watu wakasema aaa.

"Sasa," nikasema, "angalieni hii."

Nikatoa yangu kwa mkebe. Ikawashwa. Nikaiweka. Nikakunja mikono kama mwalimu.

Ikakaa. Ikatafuna. Nikasema moyoni, subiri tuta ya kwanza. Ikatafuna. Nikasema, ni hiyo tuta ya pili. Ikatafuna! Nyasi ikatoa moshi. Nyasi ikashika. Na hii ikashika vizuri kuliko ile ya kwanza, moto ikapanda mpaka shanga zangu zikapata joto. Pwaa, maji.

Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Koko, iambie kwa Kiswahili pengine haijasikia!"

Tenti yote ikaanguka na kicheko. Wazee wakapigana mabega. Hata mchungaji akafunika mdomo na Biblia. Mimi nimesimama hapo na miwani nisiyosoma nayo, naangalia hiyo bati nyeusi. Nilijua moja kwa nne inaweza kuungua. Lakini kwa nini leo? Mama Moipei peke yake hakucheka.

Mwenyekiti akasema pole pole, na heshima, hiyo ndiyo iliniuma zaidi, "Asante Koko. Tumeona. Karani, tuendelee na mambo ya gesi."

Karani akaweka kalamu kwa mistari yetu miwili akate. Niliona hiyo kalamu inashuka.

Hapo Tipape akasimama.

"Mheshimiwa! Mimi napinga!"

"Mzee, tumeshamaliza hiyo."

"Hamjamaliza, mimi sijaongea! Nilitoka nyumbani kupinga, nitapinga." Akapokonya maiki. "Mheshimiwa, hizi sigara za wazungu ni mateso. Ni mateso kwa mzee! Leo asubuhi nimekaa kwa geti, nikavuta moja. Kijana wa bodaboda akakuja, nikaanza kumwambia habari ya simba ya Namanga. Nikaweka sigara kwa jiwe, kidogo tu. Kurudi, imekufa! Nikawasha. Nikafika mahali mbwa zinakimbia, nikaweka chini. Imekufa! Nikawasha tena. Nikafika mahali simba inatoka, mheshimiwa, simba inatoka! Naangalia jiwe, imekufa mara ya tatu! Kijana wa bodaboda akapata mteja akaenda. Simba nikabaki nayo peke yangu. Hiyo ndiyo mnataka kuletea watu wazima?"

Akakaa chini, ameshinda.



Mwenyekiti akaondoa miwani yake. "Mzee," akasema, "hiyo sigara ya kujizima uliitoa wapi?"

Tipape akaangalia juu kwa tenti. Akaangalia soda. Akaangalia kila mahali mtu anaweza kuangalia lakini sio mimi.

"Mheshimiwa, hiyo ni swali ingine."

"Wewe!" nikasema. Sikuhitaji maiki. "Umevuta ushahidi yangu! Na kwa mkebe ukaweka nini?"

"Niliweka yangu, mke wetu. Nzuri kabisa. Sikutaka urudi upate mkebe tupu, uone vibaya."

Kicheko ile ya kwanza ilikuwa ndogo kwa hii. Mzee mmoja alianguka na kiti ya plastiki ikavunjika mguu. Nashipai alikuwa analia machozi, anasema, "Koko, nakufa, nakufa."

Lakini huyo mwenyekiti alikuwa mtu ya akili. Alingoja, halafu akauliza kama anauliza hali ya hewa, "Mzee, ilizima mara ngapi?"

"Tatu! Si nimesema tatu?"

"Na hukuizima wewe?"

"Nizime sigara ya bure, mimi?"

"Upepo ilikuwa?"

"Upepo ile ya kubeba kuku!"

"Karani," mwenyekiti akasema, "usikate. Andika. Mvutaji mzoefu ameijaribu kwa upepo, imejizima mara tatu."

Tipape akaruka. "Lakini mimi napinga!"

"Tumeandika unapinga, mzee. Na tumeandika imezima."

Nikaomba maiki tena, nikasema ya kwamba ile ya nne nilijaribu nyumbani iliungua yote, isije mtu akasema Koko alificha. Nashipai alinifinya nisiseme. Lakini ukiuza nyasi mbaya na nzuri pamoja, unamwambia mteja gani ni gani. Nikaona karani anaandika hiyo pia.

Tulirudi nyumbani hatuongei, mimi na Tipape. Siku nne hatukuongea. Siku ya tano akaleta maziwa. Nikakunywa.

Mswada ikakaa huko Kajiado, ikakaa, nikajua imelala. Halafu Nashipai akasikia wanapiga kura. Sein alikuwa anapeleka nyasi upande huo, tukapanda pikapu. Tipape akapanda pia. Hakusema anaenda kufanya nini na mimi sikuuliza.

Kwa bunge la kaunti wageni wanakaa nyuma, na unaambiwa mlangoni: hakuna kuongea, hakuna kupiga makofi. Tukakaa. Wakasoma mistari yetu miwili, sasa ilikuwa mistari minne, wanasheria walikuwa wameilisha. Mheshimiwa mmoja akasimama kuipinga. Akasema hii ni kusumbua watu wa kiosk bure, hajawahi kuona stoo imechomwa na sigara, hizo ni hadithi za kina mama.

Nikasikia kiti inalia. Ilikuwa Tipape anasogea mbele.

Spika akauliza, "Wanaosema ndiyo?"

Na kabla waheshimiwa wafungue mdomo, kando yangu hapa, "NDIYO!" Dirisha ilisikia. "Ndiyo! Ni mimi nilichoma! Niulizeni mimi, mimi ndio niko na hadithi, sio kina mama!"

Spika akasema wageni hawapigi kura. Tipape akasema hata kama. Mimi nikamwambia nyamaza, lakini kwa sauti ambayo haikusaidia. Askari wa bunge akakuja, mtu wa heshima sana, akatushika viwiko sisi wote wawili akatutoa mpaka nje, ng'ambo ya barabara. Nashipai akabaki ndani, amejifanya hatujui.

Tukakaa kwa jiwe. Hatujui kama imepita ama imeanguka. Huko ndani wanarudia kura kwa sababu yetu. Tipape akatoa sigara, ile ya kawaida, akawasha. Akavuta mara moja. Akaangalia nyasi kavu hapo kando ya jiwe. Akaangalia mimi.

"Mke wetu," akasema, "zile tano za Mama Moipei zilirudi na nani, unajua? Ni mimi nilizifuata. Sijawahi kukuambia."

"Hujaniambia."

"Wacha nikuambie." Mikono ikaanza kupanda. Ikasimama. Akanyoosha sigara. "Shika hii kidogo."

Nikashika. Mimi, mama wa kanisa, sijawahi kuvuta hata ugoro, nimekaa kando ya barabara Kajiado mjini na shanga zangu na sigara inawaka katikati ya vidole. Watu wanapita wanaangalia. Na Tipape yuko Rombo, anavuka mto, anasukuma ng'ombe na mikono yote mbili, moja ameanguka, anamwinua na mkia, na mimi nimenyoosha hiyo sigara mbali na nyasi, mbali na shuka, moshi inaniingia macho.

Nashipai akatoka kwa lango anakimbia, anapiga kelele kutoka ng'ambo, "Koko! Imepita! Imepita!" Halafu akaniona, akasimama katikati ya barabara, gari ikampigia honi.

"Koko! Umeanza kuvuta?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Wacha mzee amalize."